Kadi ya Kipima cha Saba

Kabla ya yote nikiri: nilikuwa namwona Mama Kadi kero. Kero ya waziwazi, ya kukufuata mpaka kwenye meza yako ya kazi. Na kwa bahati yangu ni shemeji yangu, kaolewa na kaka wa mke wangu, kwa hiyo hata Jumapili sipumziki. Ukienda kwao kunywa chai unakuta kopo la sukari limeandikwa "sukari", na tarehe lilipofunguliwa, na jina la aliyelifungua. Siku moja nikamwuliza, "Shemeji, kuna mtu humu ndani asiyeijua sukari?" Akanijibu bila hata kuinua macho, "Yupo. Mwaka juzi alitia chumvi kwenye chai ya watu sita." Nikaikoroga chai yangu, maana mtu huyo ni mimi.

Tunafanya kazi pamoja, kwenye taasisi ya utafiti wa maji. Mimi ni fundi wa vipima, vile vyombo vya chuma, kimoja kinaenea kiganjani, vinavyoshushwa visimani kupima kina cha maji kila saa. Vikiugua navifungua, navisafisha, navirudisha. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Shule yangu iliishia njiani, lakini nipe kipima chochote nikisikilize dakika tano nitakuambia kinaumwa wapi.

Yeye alikuwa mkutubi. Miaka nenda miaka rudi alikaa maktaba na makabati yake ya droo ndogo ndogo, kila kitabu na kadi yake: nani kakiandika, ni toleo la ngapi, kiko rafu gani, nani kakiazima. Kisha maktaba ikahamia kwenye kompyuta, makabati yakatolewa nje, na yeye akaletwa kwetu ghorofa ya chini, eti aje kutunza programu za utafiti. Hakuna aliyejua maana ya kazi hiyo, hata bwana aliyesaini barua ya kumhamisha.

Mtu mwingine angelia. Yeye alikuja korido nzima akisukuma kabati moja aliloliokoa, miguu ya kabati inapiga kelele sakafuni, watafiti wanatoa vichwa milangoni. Akaliegemeza ukutani, akajifuta jasho, akaanza kupita chumba hadi chumba na swali moja tu: "Hii grafu kwenye ripoti yenu, programu iliyoichora iko wapi?"

Jamani! Ungedhani kauliza watu umri wao. Kila mtafiti alikuwa na programu yake, aliyoichukua kwa mwenzake kwenye fleshi, akaibadilisha huku na kule, akaiita yangu. Profesa mwenyewe, mkuu wetu, alifungua kompyuta yake tukaona faili tano: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho kweli", "mwisho hii ndiyo", na moja imeandikwa "usifute" tu. Mama Kadi akamwuliza ipi imechora grafu ya mwaka uliopita. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakujua.

Basi akatengeneza ghala. Si chumba, ni sehemu kwenye kompyuta kubwa ya taasisi ambapo kila programu ina makazi yake. Ukibadilisha kitu, ya zamani haifutiki, inabaki na namba yake. Na hubadilishi kimyakimya: unaandika tarehe, nani, nini, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyowatoa watu jasho. Mtu anaandika "nimerekebisha", Mama Kadi anamrudishia: "Nimerekebisha nini, mwanangu? Kilikuwa na kasoro gani?" Walimnunia, wakamsema chooni na kwenye foleni ya chai, wakampachika hilo jina la Mama Kadi. Akalipenda. Akaliandika mlangoni kwake.

Mimi nilidhani hayanihusu. Mambo ya kompyuta ni ya wasomi, mimi na kibodi hatuivi chungu kimoja. Aa wapi! Asubuhi moja nimetoka kusafisha kipima cha saba, nimemaliza, nakunja vitambaa vyangu, namwona kasimama mlangoni.

"Shemeji, umefanya nini kwenye hicho?"

"Nimekisafisha. Kilijaa tope."

"Kikoje sasa?"

"Kinasoma juu. Sentimita nne zaidi ya maji yalivyo. Nitamwambia Dada Visima azitoe kwenye hesabu zake."

"Andika."

"Si nimesema nitamwambia?"

"Utamwambia, atasahau. Wewe utasahau kabla yake. Kompyuta huipendi, sawa, nimekuletea kadi." Akaiweka mezani, kadi ya maktaba, ya zamani, na kalamu juu yake. Akarudi mlangoni. Hakuondoka.

Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na hasira. Nikaandika kwa shingo upande, kwa herufi kubwa, ili asome vizuri: KIPIMA CHA 7 KIMESAFISHWA. KUANZIA LEO KINASOMA JUU SENTIMITA NNE. TOA NNE. Nikaweka tarehe na sahihi. Halafu kwa sababu alitaka "kwa nini", nikamwongezea chini: NIMEANDIKA HAYA KWA SABABU MAMA KADI AMESIMAMA MLANGONI KAMA ASKARI NA MIMI NATAKA KWENDA KULA.

Akaisoma yote. Nikasubiri anune. Akasema, "Ahsante, mwandiko mzuri," akaenda zake. Mimi nikaenda kula, na kadi ile ikanitoka kichwani kabisa.

Sasa huyu Dada Visima. Ni binti mmoja mchapakazi aliyekuwa akisomea udaktari wake kwetu, ule wa utafiti si wa hospitali, na visima kumi na viwili ndiyo vilikuwa utafiti wake. Tulimwita Dada hata sisi tuliomzidi umri, kwa jinsi alivyotubembeleza wote. Miaka minne anapanda na kushuka na matope yake. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na alishamshonea gauni la kuvaa siku ya mtihani wa kutetea tasnifu, gauni la bluu, limetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi likiwa na karatasi ya nailoni. Alilitundika mwaka mzima kabla. Akichoka analiangalia, anarudi kwenye kompyuta.

Kosa lake lilikuwa moja, na ni lile lile la kila mtu pale. Nilimwambia toa nne, akatoa nne, lakini akazitoa kwenye nakala ya programu iliyokuwa kwenye laptopu yake. Ghalani akasema ataipeleka kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miaka miwili. Akaandika tasnifu kwa kutumia nakala ile, akaikabidhi. Mwezi haujaisha, laptopu iko kwenye meza yangu ya kazi, mtu akapiga kiwiko ndoo ya kupimia, na maji yote yakaingia kwenye kibodi. Tuliianika juani siku tatu. Haikuamka.

Hakuhangaika sana, si tasnifu ameshakabidhi? Mpaka barua ilipofika.

Mtahini wake alikuwa mtu wa mbali, hatujawahi kumwona, na alikuwa makini vibaya sana. Alichukua programu ghalani kwa mtandao, akachukua vipimo vya visima vyote, akaendesha mwenyewe. Visima kumi na moja vikatoka sawasawa na tasnifu. Cha saba kikakataa. Tasnifu inasema maji ya kisima cha saba yanashuka, na sura nzima ya nne imejengwa juu ya kushuka huko. Kwake yeye yanapanda. Aliandika kwa adabu lakini ujumbe ulieleweka: apewe maelezo yenye ushahidi kabla ya mtihani, siku nane zijazo, la sivyo atalazimika kuona kwamba takwimu zimepikwa. Na anayepika takwimu hapewi shahada, anafukuzwa.

Profesa akatuita ofisini kwake. Dada Visima amekaa kwenye ncha ya kiti, barua mkononi, uso umemshuka.

"Binti yangu," Profesa akasema, "kisima cha saba ulikifanya nini?"

"Nilitoa kitu, Profesa. Nakumbuka kuna namba nilitoa. Fundi ndiye aliniambia."

Wote wakanigeukia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona natupiwa mzigo. Damu ikapanda. Nikasema kwa sauti, "Mimi? Cha saba? Cha saba sijawahi kukigusa tangu kiwekwe!"

Nilisema kwa uhakika kabisa. Nikamwona yule binti akiikunja barua mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Hakunibishia. Akasema taratibu, "Basi labda nilikosea mimi." Bado sikukumbuka.

Mama Kadi alikuwa kakaa pembeni. Akanikata jicho.

"Shemeji. Ulikigusa. Ulikuwa na njaa."

"Njaa gani tena?"

"Uliniita askari."

Loo! Ikanirudia yote kwa mpigo, tope, vitambaa, kadi, herufi kubwa. Nikafurahi nusu sekunde. Nusu sekunde ya pili nikakumbuka jambo jingine. Kadi ile, na nyingine alizoniandikisha, alizitunza kwenye droo ya chini ya kabati lake. Na droo ya chini, mwaka jana, alipokuwa likizo, niliichukua mimi. Niliichukua niwekee skrubu zangu. Ilikuwa droo nzuri, ya mbao ngumu, imegawanywa vyumba vyumba, nikajiambia siku hizi kadi nani anazitaka.

Sikuaga. Niliteremka ngazi mbili mbili na kitambi changu hiki. Nikavuta droo kutoka chini ya meza, nikaipindua, skrubu zikamwagika sakafuni, za shaba, za chuma, ndogo, kubwa, miaka ya kupanga yote imetawanyika mpaka chini ya mashine ya kuchonga. Nikapiga magoti. Kwa sababu ya uvivu wangu, na safari hii nauita uvivu wenye baraka, sikuwa nimezitoa kadi. Nilikuwa nimezilaza chini kabisa ili skrubu ndogo zisipenye kwenye nyufa za mbao. Zimelowa mafuta, zimekuwa rangi ya chai. Cha tatu, cha kumi, cha tano. Cha saba! TOA NNE. Nikaibusu ile kadi na mafuta yake, mdomo ukawa mweusi.

Nageuka, shemeji kasimama mlangoni. Pale pale.

"Umeipata?"

"Hii hapa! Hii hapa, Mama Kadi, nisamehe, droo yako nilikuwa nimei..."

"Najua ulipo mzigo wangu tangu mwaka jana. Nilishazipiga picha zote, zimo ghalani, kila moja siku ile ile ilipoandikwa."

Nikaangalia skrubu sakafuni. Nikamwangalia yeye.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshakimbia," akasema, na hapo akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Halafu akakunja kanga yake, akapiga magoti, tukaziokota pamoja. Alizipanga kwa ukubwa, vizuri kuliko nilivyokuwa nimezipanga mimi.

Siku saba zilizobaki alimkalisha Dada Visima kwenye meza yake. Waliandika upya ule mstari wa kutoa nne, safari hii ghalani, na sababu yake, na namba ya kadi. Programu ikapewa toleo lake, na toleo hilo likaandikwa kwenye tasnifu, ukurasa wa mbele, ili yeyote ajue ni lipi hasa lililotoa grafu zile. Kisha wakaandika maelekezo ya namna ya kuiendesha, hatua moja moja. Yule binti akasema yamekamilika. Mama Kadi akasema, "Tutaona," akaja kunichukua mimi.

"Unakwenda wapi na mimi?"

"Kuna kompyuta mpya haina kitu ndani. Utaiendesha programu kwa kufuata karatasi hii. Sisi tutakaa nyuma yako, hatusemi neno."

"Shemeji, mimi kompyuta..."

"Ndiyo maana."

Nilikaa nikitokwa jasho. Hatua ya kwanza nikaweza. Ya pili nikaweza. Ya tatu ilisema "weka faili la vipimo mahali pake." Nikageuka: "Mahali pake wapi?" Dada Visima akafungua mdomo, Mama Kadi akamfinya. Nikakaa pale kama sanamu. Mwishowe yule binti akapiga paji la uso, akachukua kalamu akaandika ni mahali gani, akanirudishia karatasi. Ya tano nikakwama tena, wakaandika tena. Ilituchukua asubuhi nzima. Nilipobonyeza kitufe cha mwisho, ukatulia kidogo ule mtambo, kisha mistari kumi na miwili ikajichora, na wa saba ukashuka, ukashuka, ukashuka. Nilipiga yowe watu wakatoka vyumbani. Vipima vyangu vile! Miaka yote navifungua na kuvifunga, sikuwahi kuona vinasema nini.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Mama yake Dada Visima mstari wa mbele, binti kavaa gauni la bluu limemkaa sawasawa. Mtahini alikuwa kwenye skrini kubwa ukutani, mzee mwembamba, hatabasamu. Wakafika sura ya nne. Akasema alipokea toleo jipya na picha ya kadi, na angependa kadi halisi ionyeshwe. Mama Kadi akasimama akaiinua karibu na kamera, kwa ncha za vidole, na mafuta yake.

Yule mzee akainama, akaanza kusoma kwa sauti. Kipima cha saba kimesafishwa. Kuanzia leo kinasoma juu sentimita nne. Nikafikiri ataishia hapo. Hakuishia. "Nimeandika haya kwa sababu Mama Kadi amesimama mlangoni kama askari, na mimi nataka kwenda kula."

Ukumbi ukalipuka. Profesa alikuwa akijifuta machozi kwa tai. Mimi nilitafuta meza ya kujificha chini yake nikakosa. Na yule mtahini, asiyetabasamu, mabega yakawa yanamtikisika. Akasema, "Nimetahini kwa miaka thelathini. Mtu anayeghushi ushahidi haandiki namna hii." Kisha akasema ameiendesha programu upya kwa kufuata maelekezo, hakukwama popote, na cha saba kinashuka. Akamwomba Dada Visima aendelee na sura ya tano.

Alifaulu. Mama yake alipiga vigelegele kabla matokeo hayajamaliza kusomwa, ikabidi yasomwe tena.

Nilidhani yameisha. Wiki iliyofuata Mama Kadi akaniita mezani kwake, akanionyesha faili moja ndani ya ghala, linaitwa "Waliotengeneza". Akasema ni desturi, kila programu iseme ni kazi ya mikono ya nani, ili anayeitumia awataje. La kwanza lilikuwa jina la Dada Visima, sasa lina Daktari mbele yake. La pili Profesa. La tatu nililisoma mara mbili. Lilikuwa jina langu, jina langu kamili na la baba yangu, na baada yake: "fundi, vipima na masahihisho yake."

Rafu za ile taasisi zina ripoti kumi na tisa zilizotoka kwenye vipima vyangu. Nimezihesabu. Hakuna hata moja yenye jina langu. Niliona aibu kulia mbele ya shemeji, nikajifanya nakohoa.

Nilipotulia nikasoma orodha tena, kutoka juu mpaka chini.

"Wewe uko wapi?"

"Mimi sikutengeneza kitu," akasema. "Mimi natunza tu."

"Sogea," nikamwambia.

"Unataka nini?"

"Sogea nikae."

Akanipisha kiti. Nikatafuta herufi moja moja, kwa kidole kimoja, na yeye kasimama nyuma yangu hasemi neno. Nikaandika jina lake, lile la kuzaliwa, ambalo pale kazini hakuna aliyelikumbuka ila mimi. Nikabonyeza kuhifadhi. Ghala likafanya kama alivyolifundisha, likafungua kidirisha likaniuliza: nini, na kwa nini?

Nikaandika: Nimeongeza jina la mkutubi. Kwa sababu alisimama mlangoni.